Yuniti Mia Sita na Sabini na Tano

Shule ikiisha wenzangu walirudi kwao kula mkate mweusi kwa maini ya kusaga. Mimi nilikwenda kusoma mita. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu mwezi mzima wa Oktoba, mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, na mwanzoni nilijivuna nayo mpaka mama akasema nimekuwa sitazamiki.

Mita zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtambo wa upepo wa Mjomba Preben, kaka yake mama, uliosimama kwenye konde nyuma ya shule yetu. Ulikuwa na mapanga mawili, marefu na membamba, na ulipozunguka ulipiga kelele kama shuka linalopigwa na upepo kwenye kamba. Ya pili ilikuwa ya mtambo wa baba, Verner Kjeldgaard, fundi wa vyuma. Huo ulikuwa na mapanga matatu, nao ulisimama juu ya kilima cha Ravnbakke, kilomita nne upande wa magharibi, ng'ambo ya msitu wa misonobari. Kwetu Jutland, rasi iliyo wazi kwa bahari, upepo unatoka magharibi. Kwa hiyo safari ya kwenda kwenye mtambo wa baba ilikuwa kupambana na upepo mwanzo mwisho, baiskeli ikigoma, pua ikichuruzika na macho yakijaa mchanga.

Watu wa kijiji chetu cha Hvidmose walikuwa wameamua kuchanga fedha, familia kumi na nne, wanunue mtambo mmoja wa upepo wa kuwapa wote umeme. Ubishi ulikuwa ununuliwe wa nani, ikaamuliwa mitambo hiyo miwili ishindane mwezi mzima. Wa mjomba uliuzwa krona laki moja na kumi elfu. Wa baba ulikuwa laki moja na thelathini na mbili elfu, kwa sababu ya lile panga la tatu na kwa sababu ya breki za kwenye ncha. Upepo ukizidi, ncha za mapanga ya baba zilijigeuza zenyewe na mtambo ukasimama. Baada ya hapo ilibidi mtu apande mnara azirudishe kwa mkono. Mtambo wa mjomba haukuwa na kitu kama hicho. Upepo ukizidi, mjomba alivaa buti, akatoka mbio kwenda kuvuta breki ya mkono.

"Shemeji, unawauzia watu panga la mapambo," mjomba alimwambia baba kila walipokutana.

"Na wewe unawauzia mtambo wenye yaya," baba alijibu. "Siku ukipata mafua, nani ataulea?"

Walitaniana hivyo, lakini nyumbani tulijua. Karakana ya baba ilikuwa haijapata kazi ya maana tangu kiangazi. Ikiwa kijiji kingenunua mtambo wake, wengine wangefuata. Kisingenunua, basi baba angefunga karakana na kwenda kuchomelea meli bandarini Esbjerg moja kwa moja. Tayari wiki mbili za mwisho za Oktoba alikuwa ameshakwenda huko kufanya kibarua.

Sharti la mashindano lilikuwa moja, na kila mtu alilikubali. Mwenye mtambo hagusi mita yake, wala hatengenezi mtambo bila shahidi. Funguo za masanduku ya mita zilikaa kwa Mwalimu Ingeborg, naye akanikabidhi mimi pamoja na daftari la buluu. Watu walicheka. "Huyo ni binti wa mmoja na mpwa wa mwingine," alisema Aksel, mfugaji wa nguruwe mwenye mdomo usiotulia. "Atampunja nani?"

Mwisho wa mwezi tungehesabu kila mtambo umetoa yuniti ngapi za umeme kwa kila krona elfu moja za bei yake. Hesabu hizo zingetumwa pia kwenye gazeti dogo la wenye mitambo ya upepo nchi nzima. Kila mwezi gazeti hilo lilichapisha mtambo wa fulani umetoa kiasi gani na umeharibika nini. Baba alilisoma kuliko alivyosoma barua za ndugu zake.

Basi. Jumanne ya wiki ya tatu dhoruba ikaingia. Madirisha ya darasa yaligonga, vigae viwili viliruka kutoka kwenye paa la duka la maziwa. Na siku hiyohiyo, rafiki yangu Lone akanijia mbio ukumbini.

"Gitte, kocha anachagua timu ya mpira wa mikono! Mazoezi leo, kesho na keshokutwa. Asiyekuja asahau."

"Nina mita."

"Mita itakimbilia wapi? Imefungwa kwa kufuli!"

Nilisoma mita ya mjomba, maana ilikuwa hapo nyuma ya shule. Mtambo wake ulikuwa umetoa yuniti mia moja na hamsini kwa siku moja. Nilitazama upande wa magharibi. Kilomita nne kwenye dhoruba ile! Nikajiambia, kama wa mjomba umetoa mia na hamsini, wa baba haukosi mia mbili na thelathini. Jumatatu mita ya baba ilikuwa imesoma 6,140. Nikaegemea baiskeli, nikaandika 6,370, nikaenda kucheza mpira.

Jumatano nikaandika 6,605. Alhamisi, 6,850. Penseli ilikuwa nyepesi kabisa mkononi, na kusema kweli nilimwonea fahari baba kwa tarakimu nilizomtungia mwenyewe. Alhamisi hiyo kocha akasoma majina. Nilikuwa mchezaji wa akiba, tena wa pili.

Ijumaa upepo ukakata. Ukungu ulishuka mzito, ng'ombe walisikika lakini hawakuonekana. Nikapanda baiskeli mpaka Ravnbakke, nikafungua sanduku la mita, nikasoma.

6,205.

Nikafuta kioo kwa mkono wa sweta. 6,205. Nikafunga sanduku, nikalifungua tena, upuuzi mtupu, kana kwamba mita ilikuwa inanitania. Daftari lilisema 6,850. Mita ya umeme hairudi nyuma, hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Juu yangu mnara ulipotelea ndani ya ukungu na mapanga hayakuonekana, na sikuwaza sana kwa nini yuniti zilikuwa chache hivyo. Niliwaza kitu kimoja tu, kwamba nimekwisha.

Halafu nikapata wazo. Upepo utarudi, nikasema. Kwetu upepo hausafiri mbali. Utavuma, mita itapanda, italifikia daftari, na hakuna atakayejua. Nikaandika 6,855, nikarudi nyumbani.

Sijawahi kuwa na wiki kama ile. Niliamka nikienda dirishani. Darasani nilitazama miti badala ya ubao. Nilipokula niliinuka mara tatu kwenda kuchungulia moshi wa bomba la jirani, nao ulipanda juu wima, mwembamba, umetulia. Mama akaniuliza kama nina minyoo.

"Natazama hali ya hewa."

"Umekuwa mvuvi?"

Kila siku nilikwenda Ravnbakke, kwa utiifu ambao ungenifaa Jumanne ile, na kila siku ukungu ulikuwa bado umefunika mapanga na mita ilisema 6,205. Kila siku nikaongeza yuniti mbili tatu kwenye daftari ili lisionekane limekwama. Mpaka Alhamisi lilikuwa limefika 6,880. Pengo lilikuwa yuniti mia sita na sabini na tano. Niliibeba namba hiyo kila nilikokwenda. Hata nilipopiga mswaki niliihesabu.

Alhamisi hiyo nikamkuta mjomba nyuma ya shule, amekaa juu ya ndoo chini ya mnara wake. Mwalimu Ingeborg alikuwa amebandika hesabu za mpaka siku hiyo mlangoni mwa duka la maziwa. Wa baba ulielekea yuniti kumi na sita kwa kila krona elfu, wake ulikuwa haujafika hata kumi na nne.

"Gitte, nilikuwa nasema panga la tatu ni la mapambo," akasema. "Kumbe mimi ndiye pambo." Akajaribu kucheka. "Nimempigia simu mtu wa vyuma chakavu. Jumatatu anakuja kuuchukua."

"Kuuchukua wote?"

"Sasa nibaki na nusu? Miaka miwili nimeupoteza kwa huu mdude, na mke wangu ameshachoka." Akanitazama. "Mbona umekuwa mweupe hivyo? Baba yako ameshinda, furahi!"

Nilipanda baiskeli nikaondoka bila hata kuaga, na nilijichukia njia nzima.

Ijumaa, siku ya mwisho ya Oktoba, katikati ya somo la jiografia, dirisha likagonga. Nikainua kichwa. Majani yalikuwa yanakimbia uwanjani. Nyuma ya shule mapanga mawili ya mjomba yakaanza kuzunguka, polepole, kisha kwa kasi, na ile sauti ya shuka ikasikika darasa zima. Nikakaribia kupiga kelele za furaha. Nikapiga hesabu pembeni mwa daftari. Upepo ukivuma vizuri mpaka kesho saa tatu asubuhi, Mwalimu na mashahidi watakapokwenda kusoma mita kwa mara ya mwisho, mtambo wa baba ungeweza kutoa mia mbili na kitu. Zilizobaki ningesema nilikosea tarakimu. Mia mbili!

Kengele ilipolia nilitoka kama mshale. Upepo ulinipiga usoni na nikaupenda. Nilipita msitu wa misonobari nikihema, nikatokea upande wa pili, nikatazama juu ya kilima.

Mtambo wa baba ulikuwa umesimama.

Upepo ulivuma mpaka nyasi zikalala, na yale mapanga matatu hayakusogea hata kidogo. Nikasogea, na ndipo nikaona. Ncha zote tatu zilikuwa zimegeuka, zimekingama, kama mtu aliyekunjua viganja kusema basi. Zilikuwa zimejigeuza siku ya dhoruba. Jumanne ile, upepo ulipozidi, breki zilifanya kazi yake sawasawa, mtambo ukajisimamisha, ukakaa ukimsubiri mtu aje kuona kwamba umesimama. Mtu huyo nilikuwa mimi. Ningefika, ningempigia baba simu, angekuja jioni ile na shahidi, angepanda, nusu saa tu angekuwa amezirudisha ncha. Upepo wote wa Jumatano na Alhamisi ulipita bure juu ya kilima kwa sababu nilikuwa nacheza mpira. Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kunisikia.

Baba alirudi jioni hiyo, amenunua keki za siagi mjini, uso umefunguka. Alikuwa amepitia duka la maziwa.

"Kumi na sita kwa elfu!" akamwambia mama hata kabla ya kuvua koti. "Na siku zile tatu za dhoruba, mwanamke wewe, zaidi ya mia mbili kila siku! Nilijua. Hilo panga la tatu nilijua!"

Tukakaa mezani. Akanikatia kipande cha keki, kikubwa, akakiweka mbele yangu.

"Baba, hazipo," nikasema.

"Nini hazipo?"

"Zile yuniti. Sikwenda. Nilizitunga." Na yote yakanitoka kwa pamoja, mpira, dhoruba, mita, ukungu, vyuma chakavu vya mjomba, ncha zilizogeuka. Mama alikuwa ameshika birika la kahawa hewani.

Baba hakunipiga wala hakufoka. Aliweka kisu chini. Nje upepo ulivuma, wa kumwezesha kupata yuniti mia mbili na kitu, na wote watatu tuliusikia.

"Verner," mama akasema polepole, "si ungekwenda tu sasa ukazirudishe hizo ncha? Angalau usiku huu uzalishe."

Baba akatazama dirisha. Niliona jinsi alivyotamani. Akatikisa kichwa.

"Mwenye mtambo hatengenezi kitu kabla mashahidi hawajaona. Niliweka saini." Kisha akanigeukia. "Kesho mbele ya watu utasema mwenyewe. Sitakusemea neno hata moja. Nitasimama karibu yako, basi."

Saa tano asubuhi ukumbi wa kijiji ulijaa. Vikombe vililia, keki za tabaka zilikuwa mezani, na Mwalimu Ingeborg alikuwa ameshakwenda Ravnbakke na mashahidi wawili. Uso wake ulikuwa mgumu. Kabla hajasema neno nikasimama. Nikasema yote, tangu mwanzo, na namba zote nikazitaja.

Aksel akapiga paja lake.

"Lo! Kwa hiyo mtambo wa Verner unatoa umeme kwa penseli! Hebu tununue penseli basi, bei yake nafuu!"

Kicheko kikalipuka. Masikio ya baba yalikuwa mekundu kama chuma kilichotoka kwenye moto, lakini hakuondoka pembeni yangu. Nilitamani wangenicheka mimi peke yangu.

Mwalimu Ingeborg akapiga meza, akasoma hesabu za kweli. Wa baba haukufika yuniti kumi na moja kwa kila krona elfu. Wa Mjomba Preben, kumi na nne kamili. Watu wakamgeukia mjomba kumpongeza. Yeye akanitazama mimi kwanza.

"Wiki nzima nimeshindwa kula nikidhani nimetengeneza takataka," akasema. "Ungenisemesha pale kwenye ndoo, Gitte. Neno moja tu."

"Najua, Mjomba. Nisamehe."

Akawageukia watu. "Sasa nyinyi sikilizeni. Siku ya dhoruba mimi nilivuta breki kwa mikono mpaka ikatoa moshi. Saa nzima nilikuwa nimening'inia juu yake, na nilikuwa na hofu, sifichi. Wa shemeji ulijisimamisha wenyewe, hakuna aliyetoka mbio. Ukabaki umesimama kwa sababu hakuna aliyekwenda kuutazama. Huo siuiti ushindi wangu. Tupime mwezi mwingine."

"Nani atasoma mita?" akauliza Aksel. "Penseli?"

"Gitte," akasema mjomba. "Hakuna mtu hapa anayejua kuliko yeye kinachotokea ukiacha siku moja."

Novemba nilisoma mita siku thelathini. Nilikwenda kwenye mvua, nilikwenda nikiwa na mafua, na kwenye timu Lone akachukua nafasi yangu ya akiba. Mwisho wa mwezi wa baba ulitoa yuniti ishirini kwa kila krona elfu, wa mjomba kumi na tisa. Karibu sawa. Mama mmoja mwenye ng'ombe, Bodil, ndiye aliyemaliza ubishi. Aliuliza ni nani kati ya familia kumi na nne atakayetoka kitandani kwenye dhoruba kwenda kuning'inia kwenye breki. Hakuna mkono ulioinuliwa. Kijiji kikanunua mapanga matatu, na baba akampa mjomba kazi ya kutengeneza mnara, maana mnara wa mjomba ulikuwa rahisi na imara kuliko wake. Mtu wa vyuma chakavu alikuwa amesharudishwa mikono mitupu.

Lakini kabla ya hayo ilibidi hesabu za Oktoba zitumwe kwenye gazeti. Baba aliniketisha karakanani, nikaandika kwa mkono wangu: "Tangu tarehe ishirini na moja hesabu zilitungwa na msomaji. Ncha zilijigeuza siku ya dhoruba, mtambo ukasimama siku kumi na hakuna aliyejua." Nilimsihi tuache sehemu ile ya msomaji. Alikataa. Zikachapishwa hivyo hivyo, na nchi nzima ikasoma.

Mwezi Februari ikaja barua kutoka kwa fundi mmoja wa kisiwa cha Mors, tusiyemjua. Aliandika kwamba amesoma habari yetu, akapanda mnara wake kutazama, akakuta ncha moja imegeuka na yeye hana habari. Sasa amefunga taa ndogo nyekundu chini ya mnara, inayowaka ncha zikijigeuza, ionekane kutoka mbali. Alikuwa ameichora taa yenyewe, na nyaya zake, na bei ya kila kifaa.

Baba akaisoma mara mbili. Kisha akanipa mimi nishike mchoro, akaanza kutafuta nyaya kwenye boksi.

"Unaona, Gitte," akasema, kichwa kikiwa ndani ya boksi. "Mimi nimejifunza kazi hii kwa watu walioandika vilivyowavunjikia. Hakuna aliyenifundisha kwa kujisifu. Uliposema kweli ulinifedhehesha mbele ya kijiji kizima, na ndiyo maana leo nimepata hii taa. Ungeendelea na zile namba zako nzuri, huyu bwana angeniandikia nini? Hongera?" Akainuka na waya mkononi. "Haya, nisomee. Waya mwekundu unaingia wapi?"